Mazingira ya Chuo Kikuu: Anzia kwenye Mita, Maliza kwenye Mkataba

Shughuli za mazingira chuoni mara nyingi huanza na siku ya kupanda miti. Fulana zinachapishwa, mgeni rasmi anashika jembe, picha zinapigwa. Hakuna ubaya, ila siku hiyohiyo tangi la choo ghorofa ya pili linavuja bila mtu kulisikia, viyoyozi vinaunguruma kwenye ofisi zilizofungwa, na kantini inatupa maganda, chupa na mabaki ya chakula kwenye pipa moja. Huko ndiko maji, umeme na fedha vinakopotea. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi wenyewe: kupima, kuziba, kutenganisha, kisha kuingiza kila jambo kwenye majukumu ya watu na mikataba ya chuo. Miti imo, ila haiko mwanzo.

Watu wanaohitajika, na barua moja

Kamati ya watu watano hadi saba inatosha. Awemo fundi mkuu au mtu wa idara ya miliki, inayotunza majengo ya chuo, kwa sababu yeye ndiye mwenye funguo za vyumba vya pampu na paneli za umeme. Awemo mhasibu anayelipa bili, msimamizi wa wasafishaji, msimamizi wa kantini, mhadhiri mmoja anayeweza kugeuza kazi hii kuwa miradi ya wanafunzi wake, na wawakilishi wawili wa wanafunzi. Kamati ya maprofesa watupu huandika sera nzuri isiyojua koki kuu iko wapi.

Wanafunzi wana nguvu na ndio wengi, lakini hukaa miaka michache na kuhitimu. Mradi ulioshikwa na klabu pekee hufa viongozi wake wanapovaa majoho. Kwa hiyo kila kazi iliyotajwa hapa chini iwe na mwajiriwa mmoja anayewajibika nayo kwa jina la cheo chake. Klabu iwe mkono wa kusaidia.

Kisha ombeni barua ya uongozi inayowaruhusu mambo matatu: kuona bili za miezi 24 iliyopita, kusoma mita zote, na kuingia majengo usiku mkiwa na mlinzi. Bila barua hiyo mtarudishwa mlangoni, na mlinzi atakuwa sahihi.

Uongozi ukihitaji kushawishiwa, lipo Azimio la Talloires la 1990, lililotungwa na viongozi wa vyuo vikuu waliokutana mji wa Talloires, Ufaransa, na upo mfumo wa UI GreenMetric ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Indonesia mwaka 2010, unaopanga vyuo kwa vigezo kama nishati, taka, maji na usafiri. Vinafaa kufungulia mlango. Msianze kujaza fomu za viwango, hata hivyo, kabla ya kuwa na takwimu zenu wenyewe.

Hatua ya 1: Soma bili, kisha soma mita usiku

Andaa jedwali moja: mwezi, uniti za umeme, mita za ujazo za maji, kiasi kilicholipwa, na idadi ya watu waliokuwepo chuoni mwezi huo. Gawanya matumizi kwa idadi ya watu. Miezi ya likizo ndiyo inayosema ukweli. Wanafunzi wakiondoka na matumizi ya maji yakashuka kidogo tu, maji hayo hayaendi kwa wanafunzi.

Hatua inayofuata ni ya usiku, na hakuna kifaa cha bei kubwa kinachoishinda. Chagua jengo lisilolala mtu, kama la utawala au la madarasa. Soma mita ya maji saa tano usiku, urudi saa kumi na moja alfajiri. Piga picha ya mita kila mara. Namba zilizoandikwa gizani kwa haraka huleta ubishi. Tuseme mita ilikuwa 4,812.35 na asubuhi ni 4,814.15. Tofauti ni mita za ujazo 1.8, yaani lita 1,800 kwa saa sita. Hiyo ni lita 300 kwa saa, lita 7,200 kwa siku, kutoka jengo lisilo na mtu.

Kuna mtego mmoja hapa. Kama jengo lina tangi la juu, mita inaweza kuzunguka usiku kwa sababu tangi linajazwa baada ya matumizi ya mchana. Hakikisha tangi limejaa kabla ya usomaji wa kwanza, au funga koki inayoingia kwenye tangi. Koki hiyo ikiwa imefungwa na mita ikaendelea kuzunguka, uvujaji uko kati ya mita na tangi. Kwa mabweni, ambako watu huoga na kufua hadi usiku mkubwa, tumia saa nane hadi saa kumi usiku, ambapo matumizi halali ni madogo kuliko wakati wowote.

Mita ya umeme isomwe saa zilezile. Ikipanda uniti 270 kwa saa sita, mzigo wa usiku ni kilowati 45. Lakini angalia aina ya mita. Mita za majengo makubwa mara nyingi hazipitishi umeme wote. Zinasoma sehemu tu kupitia transfoma ndogo za kupimia, na namba inayoonekana lazima izidishwe. Transfoma iliyoandikwa 200/5 ina kizidisho cha 40. Mwingine hujumlisha mita za majengo yote bila kuzidisha, akapata jibu lisilofika hata robo ya bili, kisha akatangaza kwamba kuna wizi wa umeme. Muulize fundi umeme kizidisho cha kila mita, kiandike kwa rangi kwenye mlango wa paneli. Mita nyingine za kidijitali huzidisha zenyewe. Hizo nazo ziandikwe hivyo.

Hatua ya 2: Ziba maji kabla ya kununua chochote

Uvujaji ukithibitika, funga koki za matawi moja baada ya nyingine huku mwenzako akitazama mita. Koki ambayo ikifungwa mita inasimama ndiyo tawi lenye tatizo. Bomba la chini ya ardhi hujionyesha kwa majani mabichi katikati ya kiangazi, au kwa chemba ya maji taka inayopitisha maji masafi usiku.

Ndani ya jengo, mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo. Humwaga maji kimyakimya kando ya bakuli, bila tone wala kelele. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi, subiri dakika 20 hadi 30. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa kuzibia umechakaa au kiti chake kina ukoko wa chumvi za maji. Safisha kiti kwanza kwa kitambaa kigumu. Kama bado, badilisha mpira. Ukikuta maji yanaingia kwenye bomba la kupunguzia lililo katikati ya tangi, kosa liko kwenye boya: lishushe hadi maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Bomba linalodondosha lisikadiriwe kwa macho. Weka kikombe cha kupimia chini yake kwa dakika moja, zidisha kwa 1,440. Mililita 10 kwa dakika ni lita 14.4 kwa siku, zaidi ya lita 5,200 kwa mwaka, na tiba yake ni wosha ya mpira. Stoo ya miliki iwe na wosha za saizi zote zilizopo chuoni, mipira ya matangi, na maboya. Chuo hupoteza maji mengi kwa sababu fundi yupo, ila kifaa kinasubiri idhini ya manunuzi wiki tatu.

Baada ya kuziba, punguza mtiririko. Pima bafu kwa ndoo ya lita 10: ikijaa chini ya sekunde 60, kichwa cha bafu kinatoa zaidi ya lita 10 kwa dakika, na vipo vya lita 6 hadi 9 vinavyoogesha vizuri tu. Mabomba ya kunawia yawekewe mdomoni vichungi vya kuchanganya maji na hewa, vya lita 4 hadi 6 kwa dakika. Kwenye maji yenye mchanga au chumvi vichungi hivi huziba, watumiaji huving’oa, na mtiririko unarudi ulivyokuwa. Panga kuvisafisha kila miezi mitatu. Matangi ya zamani ya lita 9 au zaidi yanaweza kupunguzwa kwa kutumbukiza chupa ya lita 1 iliyojaa maji, mbali na boya. Tofali halifai: humeguka na chenga zake hukwamisha mpira. Choo kikianza kuhitaji kuflashiwa mara mbili, toa chupa.

Maji ya mvua ni hesabu nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Kwa paa la bati zidisha kwa 0.8 kufidia yanayopotea. Ukumbi wenye paa la mita za mraba 600, mvua ya milimita 50, unatoa lita 24,000. Tangi la lita 5,000 lililowekwa hapo kwa ajili ya picha litafurika katika mvua ya kwanza, kwa hiyo saizi ya tangi itokane na hesabu. Mifereji ya paa iwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1 hadi 2, na maji ya mwanzo ya kila mvua yatupwe kupitia bomba la kando, walau lita 40 kwa kila mita za mraba 100 za paa, maana ndiyo yanayobeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe na kila tundu liwe na wavu wa kuzuia mbu. Maji haya yaende kwenye vyoo, usafi na bustani. Ya kunywa yanahitaji kutibiwa na kupimwa.

Hatua ya 3: Umeme wa usiku, halafu taa, halafu jua

Rudi kwenye mzigo wa usiku. Tembea na fundi chumba kwa chumba, andika kila kinachowaka na wati zake. Wanaokutwa ni walewale: viyoyozi vya ofisi tupu, mashine za maji ya kunywa zinazochemsha usiku kucha, maabara za kompyuta, projekta, feni za vyoo, na taa za nje zinazowaka mchana kwa sababu kihisi cha mwanga kimefunikwa na vumbi. Kompyuta zipangwe na idara ya TEHAMA zilale baada ya dakika 15 bila kuguswa, kwa mpangilio wa pamoja. Kibandiko cha “zima kompyuta” hakidumu muhula. Viyoyozi viwekwe nyuzi 24 hadi 26 na vichujio vioshwe kila mwezi wakati wa vumbi. Kichujio kilichoziba hufanya mtu ashushe nyuzi hadi 18 bila kupata baridi.

Tyubu za floresenti za wati 36 hubadilishwa kwa LED za wati 18 hivi. Ukumbi wa tyubu 40, zinazowaka saa 10 kwa siku 250, unaokoa uniti 1,800 kwa mwaka, mbali na umeme unaoliwa na balasti, kifaa kinachoendesha tyubu ndani ya fremu. Kabla ya kuagiza, jua unanunua aina gani: zipo zinazofanya kazi na balasti iliyopo, na zipo zinazodai balasti iondolewe na nyaya zifungwe upya. Aina hizo zikichanganyika stoo moja, fundi wa zamu ataweka isiyofaa na kuiunguza, au kuleta hatari ya umeme. Bandika lebo kwenye kila fremu iliyobadilishwa. Tyubu za zamani zina zebaki. Zirudishwe kwenye maboksi ya zile mpya na kuhifadhiwa nzima hadi zichukuliwe na mwenye kibali. Kuzivunja ili zienee kwenye pipa ni kumvutisha msafishaji zebaki.

Maabara ina ulaji wake. Friza za nyuzi 80 chini ya sifuri ziko kwenye vifaa vinavyokula sana, na kuzipandisha hadi nyuzi 70 chini ya sifuri hupunguza matumizi kwa takriban asilimia 30. Sampuli nyingi huvumilia, lakini uamuzi ni wa mwenye sampuli, si wa kamati. Barafu ikigandamana mlangoni ikwanguliwe, na orodha ya yaliyomo ibandikwe nje ili mlango usikae wazi mtu akitafuta. Makabati ya kufyonza hewa yafungwe kioo yasipotumika: yanatupa nje hewa ambayo kiyoyozi kimeshaigharimia.

Mwambie mhasibu atazame pia mstari wa bili unaohusu mahitaji ya juu kabisa, unaopimwa kwa kVA. Wateja wakubwa hulipishwa kwa dakika chache za kilele cha mwezi. Pampu zote na majiko ya kantini yakiwashwa pamoja saa mbili asubuhi, chuo kinalipia kilele hicho. Hamishia pampu usiku kwa saa ya kujiwasha. Bili ikionyesha adhabu ya kipeo cha nguvu, yaani uwiano wa umeme unaofanya kazi na ule unaovutwa, fundi mwenye sifa aweke au akague kapasita zinazorekebisha uwiano huo. Zilizokufa hukaa kwenye paneli miaka bila mtu kujua.

Umeme wa jua uje baada ya haya. Kilowati 1 ya paneli inahitaji takriban mita za mraba 5 hadi 6 za paa, na ukishapunguza matumizi unanunua paneli chache. Paa likaguliwe nguvu na umri kwanza, kwa sababu kushusha paneli ili kubadilisha bati ni gharama mara mbili. Na pawe na njia ya kupanda kuzisafisha.

Hatua ya 4: Taka, kwa kuanzia na mnunuzi

Kosa linalorudiwa ni kununua mapipa ya rangi sita kabla ya kujua nani atachukua kilichomo. Anza na ukaguzi wa taka. Chagua wiki ya kawaida ya masomo, si ya mitihani wala mahafali. Kusanya taka za saa 24 kutoka bweni moja, jengo moja la madarasa, ofisi moja na kantini, kila mfuko na lebo. Tandaza turubai mahali penye kivuli na upepo. Watu wavae glavu nene, buti na barakoa, wachambue kwa koleo na reki badala ya vidole. Taka za zahanati, za maabara na taulo za kike zisifunguliwe kabisa; pima mfuko mzima na uuweke kando. Mafungu yawe: vinavyooza, karatasi na maboksi, chupa za plastiki, plastiki laini, chuma na kopo, kioo, vya kielektroniki, mengineyo. Pima kila fungu kwa mizani ya kuning’iniza ya kilo 50.

Ukiwa na uzito mkononi, nenda kwa wanunuzi wa chakavu na vikundi vya kukusanya taka. Uliza maswali matatu: mnachukua aina gani, mzigo mdogo kabisa ni kiasi gani, na iwe katika hali gani. Chupa za plastiki namba 1 na 2 (namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye plastiki) na vifuniko vya namba 5 mara nyingi hupata mtu. Plastiki laini yenye mafuta ni vigumu. Fikiria nafasi ya stoo: kilo 100 za chupa za nusu lita zinaweza kuwa chupa 6,000, na zisipokandamizwa zinajaza zaidi ya mita 3 za ujazo. Karatasi zikilowa hazinunuliki, kwa hiyo stoo iwe na paa na sakafu iliyoinuka.

Ndipo mapipa yanafuata. Mikondo mitatu inatosha kuanza: vinavyooza, vinavyouzwa, vinavyobaki. Yakae pamoja daima, maana pipa lililo peke yake hupokea kila kitu. Yawe kwenye milango ya kutokea na pale vyombo vinaporudishwa kantini, na ya ndani ya madarasa yaondolewe. Mdomo wa pipa la chupa uwe duara dogo, wa karatasi uwe ufa. Ubao uonyeshe picha za vitu halisi vinavyouzwa hapo chuoni: kikombe kilekile, chupa ileile. Maneno “taka rejeshi” hayamsaidii mtu mwenye kikombe mkononi na kipindi kinachoanza.

Mfumo mwingi hauuawi na wanafunzi. Msafishaji amepewa toroli moja na gunia moja, anamwaga mapipa matatu humo, kwa sababu hana pa kuweka kingine. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja, hatenganishi tena, na atawaambia wenzake. Nunua magunia ya rangi tatu na toroli yenye vyumba kabla ya kununua mabango. Waulize wasafishaji pipa lipi linachafuliwa na wapi. Wanajua kuliko utafiti wowote wa dodoso.

Kantini iwe na ndoo tatu: ya maganda na maandalizi, ya kilichopikwa kisiuzwe, na ya mabaki ya sahani. Pima kila ndoo kwa wiki mbili. Ya kwanza ikiwa nzito, tatizo ni ukataji au bidhaa mbovu zinazopokelewa. Ya pili, ni makadirio ya idadi ya walaji, hasa Ijumaa na wiki za likizo fupi. Ya tatu, ni ukubwa wa upawa. Tiba za matatizo haya hazifanani, na ndoo moja ya pamoja ingeyaficha yote.

Mboji

Maganda ya ndoo ya kwanza yanaingia kwenye mboji. Nyama, mafuta na vyakula vilivyopikwa visiingie kwenye lundo la wazi. Vitaleta panya na nzi, na uongozi utafunga mradi ndani ya mwezi. Hivyo vipelekwe kwa wafugaji pale sheria inaporuhusu, au kwenye mtambo wa biogesi. Mtambo huo usipitishiwe maji ya kuoshea yenye klorini, kwani yanaua bakteria wanaoutegemeza.

Chagua eneo lenye kivuli, lisilotuamisha maji, walau mita 30 kutoka kisimani. Tandaza vijiti sentimita 15 chini ili hewa ipite. Changanya ndoo 1 ya mabichi kwa ndoo 2 hadi 3 za makavu: majani yaliyoanguka, nyasi kavu, maranda ya mbao yasiyotiwa dawa. Lundo liwe na upana na kimo cha mita 1 hadi 1.5, chini ya mita 1 halishiki joto. Unyevu upime kwa mkono: kamua konzi moja, yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika, ongeza makavu. Yasipotoka hata moja, mwagia maji.

Ndani ya siku chache joto linafika nyuzi 55 hadi 65, na hapo ndipo mbegu za magugu na vimelea hufa. Kama hakuna kipimajoto kirefu, chomeka nondo katikati kwa dakika 10. Ikitoka huwezi kuishika, kazi inaendelea. Geuza kila siku ya tatu au ya nne kwa wiki mbili za mwanzo, ukipeleka ya nje ndani, kisha mara moja kwa wiki. Baada ya wiki 8 hadi 12 lundo halipashi joto tena. Liache likomae mwezi mmoja. Jaribu kwa kuotesha mbegu kwenye kopo: zikikauka au majani yakijikunja, mboji haijaiva, au nyasi zilizotumika zilipigwa dawa ya magugu. Waulize watunza bustani kabla ya kuzipokea.

Harufu inasema kinachoumwa. Ya mkojo mkali ni mabichi mengi mno, ongeza makavu. Ya mayai viza ni hewa kukosekana, geuza. Lundo baridi lisilonuka ni dogo, kavu, au limekosa mabichi. Lakini kinachoangusha mboji za vyuo zaidi ya yote ni makavu kuisha. Kantini inayotoa kilo 60 za maganda kwa siku inatoa kama ndoo 6 za lita 20, na hizo zinadai ndoo 12 hadi 18 za majani makavu, kila siku. Acheni kuchoma majani, yawekwe kwenye magunia chini ya paa msimu yanapoanguka, na kiasi cha maganda kinachopokelewa kilingane na magunia yaliyopo.

Vifaa vya kielektroniki, karatasi, miti na magari

Kompyuta na betri chakavu ziwe na chumba kimoja chenye daftari. Diski zifutwe, zitengenezekazo zitengwe, zilizobaki ziende kwa mwenye kibali. Nyaya zisichomwe kutafuta shaba. Kiyoyozi au friji haikatwi kabla gesi yake haijafyonzwa na fundi: kilo 1 ya R-410A, gesi ya viyoyozi vingi, ikiachiwa hewani ina uzito wa joto kama wa zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dioksidi.

Karatasi: printa zote zipangwe kuchapa pande mbili kama kawaida yake, na kazi za wanafunzi zikusanywe kwa mtandao. Rimu ya A4 ya gramu 80 ina kilo 2.5, hivyo hesabu za stoo zinageuka uzito kirahisi.

Miti, basi. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na urudi na mboji, mche upandwe mwanzo wa mvua. Weka umbali na mabomba na misingi. Mitini na mikaratusi ni hodari wa kuingia kwenye mifereji ya maji taka. Kila miche 20 iwe na mtunza bustani mmoja aliyeandikwa, lita 10 hadi 20 kwa mche kwa wiki kiangazi cha kwanza. Idadi ya kuripoti ni ya miti iliyo hai baada ya miezi 12. Ya siku ya sherehe haina kazi.

Kwa usafiri, njia ya miguu yenye kivuli na taa, na maegesho ya baiskeli yanayoonekana na mlinzi, vinabadilisha zaidi ya kampeni.

Hatua ya 5: Ingiza kwenye mikataba

Mkataba wa usafi, wa kantini na wa matengenezo ndipo mambo haya yanaposhika mizizi. Kifungu kinaweza kusomeka hivi: “Mkandarasi atakusanya taka katika mikondo mitatu kwa mifuko ya rangi zilizokubaliwa, na hatachanganya mikondo hiyo katika hatua yoyote. Kila mzigo utapimwa, na karatasi ya uzito itakabidhiwa idara ya miliki kabla ya malipo ya mwezi.” Maneno ya mwisho ndiyo yenye meno. Kwa kantini, andika marufuku ya vyombo vya kutupa kwa wanaokula ndani na sharti la ndoo tatu. Kwa manunuzi ya vifaa, mzabuni alinganishwe kwa bei pamoja na umeme wa miaka 5. Vifungu viwe tayari miezi sita kabla ya zabuni kutangazwa. Mkataba ukishasainiwa, mtasubiri muda wake uishe.

Omba pia sehemu ya fedha zilizookolewa kwenye bili irudi kwenye mfuko wa matengenezo, kwa maandishi ya mhasibu. Isiporudi, mwaka wa pili hakuna wosha.

Ripoti iwe ukurasa mmoja kila mwezi: maji kwa mtu, uniti kwa mtu, kilo za taka zilizokwenda dampo, uvujaji ulioripotiwa na siku zilizochukua kuzibwa. Namba ya kuripotia uvujaji ibandikwe ndani ya kila choo, na anayeripoti ajibiwe.

Likizo ndefu ina orodha yake, inayosainiwa na fundi wa zamu jengo kwa jengo: koki za ghorofa zisizotumika zifungwe, mashine za maji zichomolewe, friji zizimwe, zitolewe vitu na milango iachwe wazi, taa za korido zibaki za usalama tu. Siku mbili kabla ya wanafunzi kurudi, koki zifunguliwe polepole ili bomba lisipasuke kwa msukumo, na kila bomba na bafu liachiwe dakika 5, kwani maji yaliyolala wiki nyingi hukuza bakteria. Anayefanya hivyo kwenye bafu asisimame kwenye mvuke wake, na maji hayo yakingwe kwa ndoo yaende kudekia.